Matandiko matatu ya Arduino: bodi za kuchomeka vihisi bila risasi ya kulehemu, kutoka meza ya fundi wa inkubeta Kakamega

Nina alama tatu za moto kwenye kidole cha shahada, zote za pasi ya kulehemu, na ya kwanza niliipata nikiwa kijana, nikitengeneza redio za betri nne pale Kibuye, Kisumu. Kwa hivyo mtu akinijia na habari za bodi unayochomeka vihisi bila kudondosha hata tone la risasi, sishangilii. Nauliza moja tu: ikitikiswa, itashika?

Siku hizi niko Kakamega na natengeneza inkubeta. Sanduku la plaiwudi, feni, balbu mbili za kupasha joto, trei za mayai 96, sevo, yaani mota ndogo, ya kuzigeuza hizo trei, na anayeamrisha yote ni bodi ndogo ya kompyuta iitwayo Arduino Uno, zile za kuigwa ambazo bei yake haimfukuzi mteja. Joto linapimwa na DS18B20, kile kihisi chenye kichwa cha chuma kisichopitisha maji. Unyevu unapimwa na DHT22. Yai la kuku linataka nyuzi 37.5 kwa siku 21, na halina msamaha. Ndiyo maana kila kiungo ndani ya masanduku yangu kilikuwa cha risasi, na nikishamaliza nakivuta kwa koleo nione kama kina nia ya kung'oka.

Kilichonishinda ni macho. Nimefika miaka 53, na pini za Arduino zimeachana milimita 2.54 tu. Nilianza kuunganisha pini mbili kwa tone moja bila kujua, halafu nusu siku inaisha nikitafuta kosa ambalo kijana angeliona akipita tu. Mpwa wangu, anayesomea umeme hapa mjini na hunisaidia Jumamosi, alinikuta siku moja nikihangaika na kioo cha kukuzia, akachomoa kwenye begi bodi ya bluu yenye miiba mingi kama nungunungu.

"Mjomba, hiyo pasi iache ipoe. Pachika hii juu, halafu chomeka nyaya zako."

Tangu hapo umepita mwaka na zaidi, na nimetumia aina tatu za bodi hizo kwenye mashine za wateja, si za mezani tu. Wenye elimu yao huziita bodi za upanuzi. Mimi naziita matandiko, kwa sababu zinakaa mgongoni mwa Arduino kama tandiko mgongoni mwa punda: mzigo unafungwa kwenye tandiko, punda haguswi.

Lile la bluu ni Sensor Shield V5.0, na langu la kwanza la kununua lilinigharimu shilingi 450. Kazi yake ukiieleza inaonekana ndogo. Uno ina tundu moja tu lililoandikwa 5V kwenye safu yake ya umeme, na vihisi, relei (swichi inayowashwa na bodi) na kioo cha namba vyote vinalilia tundu hilo hilo. Ukifikisha vitu vinne unaanza kusokota nyaya pamoja, na hapo ndipo pasi inapoitwa. Tandiko linachukua pini zote za Uno, 14 za dijitali na 6 za analogi, na kila moja linaisimamisha na wenzake wawili: G ya hasi, V ya chanya, S ya ishara. Kihisi cha nyaya tatu kinakaa kwenye miiba yake mitatu, jirani yake anakaa kwenye mitatu mingine, hakuna kugombania. Lakini ndani hakuna akili yoyote. Ni njia za shaba tu kutoka tundu hadi mwiba. Muuzaji akikuambia linailinda Arduino, mwombe akuonyeshe fyuzi iko wapi.

Nikiri jambo. Kabla ya kununua la pili nilitaka kutengeneza langu kwa bodi ya matundu, ile ya kahawia, nimwonyeshe mpwa wangu kwamba shilingi 450 ni nyingi kwa njia za shaba. Nikapanga pini, nikalehemu safu tatu zikakaa vizuri, ya nne ikakataa kuingia. Nikadhani nimehesabu vibaya. Nikahesabu tena, nikabomoa, nikarudia. Kumbe Arduino yenyewe, kitu kilichoanzia Ivrea huko Italia mwaka 2005, ina pengo la ajabu kati ya pini ya 7 na ya 8: milimita 4 na kidogo, pini nyingine zote zikifuata hatua ya 2.54. Lilikuwa kosa la wachoraji, na lilipojulikana watu walikuwa wameshatengeneza bodi nyingi za kupachika juu, likaachwa lilivyo. Bodi ya matundu ya kawaida haitaingia pale mpaka upinde pini. Nilienda kulipa zile 450 nikiwa kimya.

Sasa yaje mabaya yake.

Mashine ya kwanza yenye tandiko hilo niliiuza kwa mama mmoja wa ndani ya Khayega. Niliijaribu siku mbili mezani: 37.5, 37.6, 37.5, inatulia kama maji ya mtungini. Ikafungwa kwa raba za tairi nyuma ya bodaboda, ikapita lami, ikaingia murram, na mnajua murram yetu baada ya mvua ya saa tisa. Ilifika, ikawashwa, ikafanya kazi. Mama akapanga mayai 60 ya kienyeji. Siku ya nne alfajiri simu ikalia.

"Mulembe, fundi. Hiki kioo kina kistari halafu mia moja ishirini na saba. Mayai yameganda?"

Hayakuwa yameganda. Yalikuwa yamechemka. Hasi 127 ndiyo namba ambayo programu inayosoma DS18B20 hutoa kihisi kisipoitikia, na kihisi hakikuitikia kwa sababu kichwa cheusi cha plastiki cha waya wa jampa, ule wa kuchomeka kwenye mwiba, kilikuwa kimetoka kwenye mwiba. Bodaboda ilikilegeza, feni ikamalizia kwa kukitikisa siku tatu usiku na mchana. Nilipofika nilikigusa kwa ukucha kikateleza chenyewe. Programu yangu nayo, niliyoiandika zamani nikiwa na imani ya risasi, ilikuwa inauliza swali moja tu: je, joto liko chini ya 37.5? Hasi 127 iko chini, tena chini sana, basi ikawasha balbu zote mbili na kuziacha usiku kucha. Nilimlipa mama mayai yake yote 60 kwa bei ya kienyeji, na safari ya kurudi mjini sikuongea na mwenye pikipiki.

Nusu ya kosa hilo ni langu, sikatai. Sasa programu zangu zina mstari unaosema: namba ikiwa chini ya 10 au juu ya 45, zima balbu, piga kengele. Hata kama wewe unalehemu kila kitu mpaka kesho, andika mstari huo leo. Lakini nusu nyingine ni ya ule mwiba mtupu na kichwa kisicho na kufuli. Kitu hicho hakikutengenezewa safari.

Kuna namba nyingine itakayokutisha ukiwa na DS18B20: 85. Inatokea mara moja tu, halafu inapotea. Mimi nilihangaika nayo wiki mbili, nikabadilisha vihisi vitatu vizima bila sababu, mpaka mpwa wangu alipogundua kwamba inatokea trei zinapogeuka. Sevo ninayotumia ni MG996R, na ikikwama kidogo inavuta ampea 2 na zaidi, wakati Uno kwenye kebo ya USB ina fyuzi ya miliampea 500. Sevo ikivuta, umeme unazama, kihisi kinazimika na kuwaka upya, na DS18B20 iliyotoka kuwaka ukiisoma kabla haijamaliza kupima, kazi inayochukua kama milisekunde 750, inakupa 85. Kwenye tandiko la V5 kuna kofia ndogo nyeusi iliyoandikwa SEL. Ikiwa imekaa, V za safu ya dijitali zinakula umeme wa Uno. Ichomoe, ulete volti 5 kutoka chaja nyingine kupitia skrubu za pembeni, na sevo itakunywa kwenye kisima chake. Nasisitiza 5, kwa sababu vihisi vya safu hiyo hiyo vitakunywa humo humo. Na ukileta umeme wa nje bila kuichomoa hiyo kofia, unausukuma moja kwa moja kwenye tumbo la Uno.

Halafu jambo la mpangilio. Watu wanadhani nyaya tatu kwa miiba mitatu ni kuchomeka tu na kwenda kunywa chai. Miiba imepangwa G, V, S. Vihisi vilivyo juu ya bodi ndogo havikukubaliana: kimoja kinaanza na ishara, kingine kinaanza na chanya, na DHT22 mbili nilizonunua duka moja, siku moja, zilikuwa na mpangilio tofauti. Soma maandishi ya kihisi chenyewe, usisome rangi ya waya. DS18B20 ukiipa umeme kinyume haitoi moshi, inakuwa moto tu, moto wa kuchoma kidole. Ukiiwahi kuichomoa mara nyingi inapona.

Tandiko la pili nitalipitia haraka kwa sababu halijawa langu la kila siku. Ni la ESP32, ile maikrokontrola yenye Wi-Fi ndani, na nililitaka kwa mwalimu mstaafu wa Chavakali aliyetaka kuona joto la mashine yake kwenye simu akiwa kanisani. Agizo langu la kwanza kwa duka moja la Nairobi lilikuja la pini 38, mimi nina ESP32 ya pini 30. Yanafanana kwenye picha kama mapacha. Hesabu pini zako kwa kidole kabla ya kutuma pesa, mstari mmoja una 15 au 19, halafu mwambie muuzaji naye ahesabu yake akiwa kwenye simu.

Lililofaa lilipofika lilikuwa na miiba ile ile ya G, V, S, na kofia ya kuchagua V iwe 3.3 au 5. Iache kwenye 3.3. Pini za ESP32 hazikutengenezewa volti 5, na kihisi kinachorudisha ishara ya volti 5 kitaichosha polepole au kuiua mara moja. DS18B20 na DHT22 zote mbili zinaridhika na 3.3, kwa hiyo kwa inkubeta huna sababu ya kuigusa hiyo kofia. Kitu ambacho tandiko halikuambii ni kwamba miiba yote inafanana lakini pini hazifanani. Mpwa wangu alichomeka relei kwenye 34, akaandika programu safi kabisa, relei ikanyamaza. Pini za 34, 35, 36 na 39 zinasikiliza tu, haziwezi kuamrisha. Miiba yake imesimama pale na V yake na G yake kama wengine, inakukaribisha. Tulipoteza jioni nzima. Mwalimu alipata joto lake kwenye simu, na amelalamika mara moja tu, kwamba sasa hapati usingizi.

La tatu ndilo ninalotaka kulisema vizuri. Ni Grove Base Shield V2, ya Seeed Studio ya Shenzhen, China, na nililipa shilingi 1,700, karibu mara nne ya lile la bluu. Nilipolitoa kwenye boksi niliona hasara. Halina miiba. Lina matundu meupe 16: manne ya analogi, saba ya dijitali, manne ya I2C na moja la UART (njia za bodi kuzungumza na vifaa vingine), na swichi ndogo ya kuchagua 3.3 au 5. Kila plagi ina nyaya nne, nyeusi ya hasi, nyekundu ya chanya, nyeupe na njano za ishara, na umbo lake halikubali kuingia kinyume hata ukilazimisha. Ukiisukuma inafika mahali inashika, unaisikia kidoleni kabla ya kuisikia sikioni.

Sikuiamini. Nilifunga plaiwudi tupu yenye Uno, tandiko na vihisi viwili nyuma ya pikipiki ya jirani, nikamlipia mafuta ya kwenda Shinyalu na kurudi, nikamwambia apite njia mbaya. Akapita mbaya kuliko nilivyoomba. Aliporudi plaiwudi ilikuwa imepasuka pembeni na plagi zote zilikuwa mahali pake. Hapo nikaacha kuhesabu zile 1,700.

Ila lina masharti yake. Kwanza linakufunga kwenye ukoo wake: vihisi vyenye plagi hiyo ni ghali kuliko vya kawaida, na hapa Kakamega hupati, utaagiza na kungoja. Pili, kebo iliyokuja nayo ni ya sentimita 20, haifiki katikati ya trei. Nilitafuta za sentimita 50. Tatu, na hili linawachanganya wengi, matundu yake ya dijitali yanagawana pini. Tundu lililoandikwa D2 limebeba pini ya 2 na ya 3, na tundu la D3 limebeba ya 3 na ya 4. Ukiwa na kitu kinachotumia nyaya zote mbili za ishara kwenye D2, usiweke kitu kingine kwenye D3, ruka tundu moja. Hakuna maandishi makubwa yanayokuonya.

Jambo moja Grove wamelifikiria, na lile la bluu linakuachia mwenyewe: rezista, kile kipingamizi kidogo cha umeme. DS18B20 tupu inahitaji rezista ya kilo-omu 4.7 kati ya waya wa ishara na chanya, la sivyo inatoa namba zisizoeleweka au inanyamaza. Kihisi cha joto cha Grove kinakuja na rezista yake kwenye bodi yake ndogo. Kwenye la bluu, ama unalehemu rezista, na basi umerudi kwa pasi, ama unanunua bodi ndogo ya skrubu tatu yenye rezista tayari. Nunua hiyo bodi ndogo. Skrubu zake zinashika waya wa kihisi vizuri kuliko kichwa chochote cha jampa.

Na adui mwingine ni unyevu. Siku tatu za mwisho za kuangua tunaupandisha hadi asilimia 65 au 70, vifaranga wanatoka wakiwa wameloa, manyoya yao madogo yanapaa na kuganda kila mahali. Miiba mitupu ya tandiko la bluu niliyoiweka ndani ya sanduku ilianza kuota kijani baada ya mizunguko mitano. Sasa ubongo wote unakaa nje, kwenye kasha lake, na kihisi peke yake ndicho kinachoingia ndani kupitia tundu. Kwa mashine zinazobaki na la bluu naweka tone la gundi ya moto kwenye kila kichwa cha waya. Mpwa wangu alicheka: "Mjomba, umeacha risasi umehamia gundi." Acheke. Gundi naitoa kwa kisu bila kuharibu kitu, risasi inataka pasi, inataka umeme, inataka mimi niwepo.

Umeme wa balbu, volti 240, haupiti kwenye tandiko lolote kati ya haya, na usije ukajaribu. Unaishia kwenye relei, kwenye skrubu zake, ndani ya kasha lililofunikwa.

Kwa hiyo mezani kwangu, nikijaribu kitu kipya, natumia la bluu na sijutii shilingi hata moja. Mteja wa hapa mjini ninayeweza kumfikia kwa miguu namwekea la bluu na gundi. Mteja wa mbali anapewa Grove na bei inapanda, nikimweleza sababu. Wengine wananuna. Mama wa Khayega hakununa. Nilipomrudishia mashine yake nilikuwa nimembadilishia tandiko bure, tulikuwa na deni la mayai kati yetu.

Mwezi uliopita kihisi chake kiliingiwa na maji. Zamani hiyo ingekuwa safari yangu, pasi kwenye begi, na kuomba stima isipotee nikiwa katikati ya kazi. Safari hii nilimpa mwenye bodaboda kihisi kipya ndani ya pakiti ya unga, nikampigia mama simu.

"Mama, ona lile tundu limeandikwa D2. Chomoa plagi nyeupe. Usivute waya, shika plagi yenyewe."

"Imegoma."

"Itikise pole pole."

Kimya. Kuku wanasikika nyuma yake.

"Imetoka. Hii nyingine naweka upande gani?"

"Itakaokubali."

Nikasikia akipumua, halafu akasema imeshika. Kioo kilikuwa kinasoma 31 na kinapanda. Baada ya kama nusu saa akapiga mwenyewe. "Thelathini na saba nukta tano, fundi," akasema, akakata simu kabla sijamtajia bei ya kihisi.